Kelele za kiyoyozi usiku: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mashine ni yangu, ukuta ni wangu, nawasha saa ninayotaka." Kauli hii, kuhusu mashine ya kiyoyozi inayofungwa nje ya nyumba, nimeisikia mara nyingi, na karibu kila mara anayeitoa anaamini kabisa kwamba sheria iko upande wake. Haiko. Kanuni nyingi za kelele hazijali mashine imefungwa kwenye kiwanja cha nani. Zinajali sauti inapoishia. Ujerumani, mwongozo wa taifa wa mwaka 1998 uitwao TA Lärm unataka kipimo kichukuliwe nusu mita nje ya dirisha lililofunguliwa la chumba kinachoathirika zaidi, yaani cha jirani. New York wanaingia hadi ndani: kifaa kimoja cha kupoza au kuzungusha hewa hakitakiwi kuzidi desibeli 42 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), zikipimwa ndani ya nyumba ya jirani, futi 3 kutoka dirisha lililo wazi.

Saa nazo zina uzito wake. Kwenye maeneo ya kawaida ya makazi, Wajerumani wanaruhusu desibeli 55 mchana, lakini kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kikomo ni 40. Mashine iliyokuwa halali jioni inaweza kuvunja kanuni usiku huohuo bila mtu kuigusa.

"Karatasi yake imeandika desibeli chache, basi niko salama"

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, tena watu makini. Kwenye karatasi za mashine huwa kuna vipimo viwili tofauti, na vyote vinaandikwa kwa desibeli. Kimoja ni nguvu ya sauti, yaani kelele yote inayotoka kwenye mashine. Kingine ni sauti inayofika mahali fulani, na hicho hakina maana kama hujaambiwa ni umbali gani.

Chukua mashine yenye nguvu ya sauti ya desibeli 60, iliyowekwa chini mahali pa wazi. Ukisimama mita 1 utapata kama 52. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kama desibeli 6: mita 2 ni 46, mita 4 ni 40. Umefika palepale kwenye kikomo cha usiku. Sasa isogeze mashine hiyohiyo kwenye kona ya kuta mbili. Kila ukuta unairudisha sauti na kuongeza karibu desibeli 3, kwa hiyo jirani wa mita 4 anapokea 46. Mashine haijabadilika hata kidogo. Ni pembe tu aliyoipenda fundi kwa sababu mabomba yalikuwa mafupi.

Na usiseme desibeli 3 si kitu. Ni nishati ya sauti mara mbili. Ndiyo maana mashine mbili zinazofanana, kila moja ikitoa 40 dirishani kwa jirani, zikiwaka pamoja hutoa 43.

"Kama haipigi kelele kubwa, jirani anajidekeza"

Niliwahi kulala upande wa pili wa ukuta uliofungwa mashine ya jirani. Kwa sikio haikuwa kubwa. Lakini nikiweka kiganja ukutani nilihisi mtetemo, na mvumo wake ulikuwa mmoja, ule ule, ukikatika kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupozea, inapozima na kuanza upya ndipo usingizi unapokuja. Nilimwomba jirani aingie chumbani kwangu asikilize mwenyewe. Kesho yake fundi aliweka mipira chini ya vyuma vya kushikilia na kukaza bati lililolegea. Mtetemo ukaisha.

Kanuni nzuri zinalitambua jambo hili. Mwongozo ule wa Ujerumani huongeza desibeli 3 au 6 kwenye kipimo pale sauti inapokuwa na mlio mmoja unaojitokeza, kwa kuwa mlio wa aina hiyo husumbua zaidi.

"Nitapanda ua wa majani"

Majani hayazuii sauti, yanaficha mashine tu. Kinachosaidia ni kizuizi kizito kisicho na matundu, kinachokata njia kati ya feni na dirisha. Kisiibane mashine, maana ikikosa hewa feni itakazana na kelele itapanda.

"Nimepima kwa simu, nina ushahidi"

Programu ya simu inakupa makisio. Maikrofoni yake haijasanifiwa wala kuhakikiwa kwa kazi hiyo, na upepo kidogo tu unaivuruga. Mkaguzi wa kelele huja na kifaa kilichohakikiwa. Kabla hajafika, andika daftari: tarehe, saa ilipowaka, saa ilipozima, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, mlio ulikuwaje. Na kabla ya kumwita mkaguzi, mwoneshe jirani daftari hilo. Mashine nyingi za sasa zina mpangilio wa usiku unaopunguza kasi ya feni na kompresa, na wenye nyumba wengi hawajawahi kuuwasha.