Je, wajua kwa nini taasisi ya serikali inaweza kuomba sheria ibadilishwe bila wewe kujua?

Nchini Marekani, taasisi ya serikali ikitaka kubadilisha kanuni zake hufungwa na sheria ya taratibu za utawala ya mwaka 1946. Kwa kawaida lazima itangaze rasimu katika gazeti rasmi la serikali, ipokee maoni ya yeyote mwenye la kusema, kisha ieleze sababu za uamuzi wake. Ajabu ni kwamba taasisi hiyohiyo ikitaka sheria yenyewe ambayo kanuni hizo hutokana nayo ibadilishwe, jambo zito zaidi, sharti hilo halipo.

Sababu ni kwamba sheria hutungwa na Bunge, na taasisi huhesabiwa kuwa mwombaji tu. Wanasheria wake huandika rasimu na kuipeleka kwenye Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya rais, ambayo huziuliza taasisi nyingine kama zina pingamizi. Ikipita hapo, huenda bungeni kwa barua rasmi, na angalau aliyeituma anajulikana. Inayonitia wasiwasi ni njia ya pili: wasaidizi wa mbunge huomba msaada wa kitaalamu, maofisa hurudisha muswada ukiwa na marekebisho yao, nao huchapishwa kwa jina la mbunge peke yake.

Tuseme sheria inasema taasisi itakagua mitambo kila mwaka, na marekebisho yanasema itakagua inapobidi. Wajibu umegeuka hiari. Msomaji wa muswada hawezi kujua kuwa aliyeomba ni yuleyule aliyepaswa kukagua.

Sheria ya ushawishi ya 1995 haisaidii, kwani huwataka washawishi wa kulipwa wajiandikishe lakini haihesabu mawasiliano ya maofisa wa serikali wakiwa kazini. Ukiomba nyaraka kwa sheria ya uhuru wa habari ya 1966, Bunge lenyewe haliguswi nayo, na taasisi inaweza kukataa kutoa nyaraka za mashauriano yake ya ndani. Mwaka 2016 kinga hiyo iliondolewa kwa nyaraka zenye miaka 25 au zaidi. Kufikia hapo, sheria imeshatumika robo karne!

Nakubali kwamba ofisa anahitaji faragha ili amweleze mkuu wake ukweli wakati wazo bado linapikwa. Lakini ombi likishafika bungeni si wazo la ndani tena. Lichapishwe pamoja na muswada, kabla ya kura: taasisi gani iliomba, lini, na kifungu kipi.