Brasi haiwi ngumu kwa kuchovywa majini

"Mzee, usiichovye, itakuwa ngumu!" Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na kijana anayeunda mfano wa garimoshi 5918 Mount Gelai, lile lililo Makumbusho ya Reli hapa Nairobi. Alikuwa amepasha bamba la brasi la milimita 0.5 la kuzungushia boila, akalifukia kwenye jivu usiku kucha. Asubuhi lilikuwa laini, ndiyo. Lingekuwa laini vilevile kama angelitumbukiza kwenye ndoo papo hapo.

Imani hii wanaitoa kwenye chuma. Patasi ikipashwa ikaiva na kuchovywa huwa ngumu kwa sababu ina kaboni, na kupoa ghafla hunasa kaboni hiyo ndani yake. Brasi ni shaba na zinki, haina cha kunaswa. Ugumu wake unatokana na kuviringishwa kiwandani, kugongwa na kukunjwa: kila unapoikunja chembe zake huvurugika na kubanana, mpaka inakataa, kisha inapasuka. Moto huzifanya chembe mpya zisizo na msongo zichipuke, na kazi hiyo huishia motoni. Ukishaondoa mwali bamba limeshalainika. Lipoe kwa sekunde mbili au kwa saa kumi, ni mamoja.

Anayebisha akate utepe wa upana wa kidole, augawe mara mbili, apashe vyote sawasawa. Kimoja akichovye, kingine akiache juu ya tofali. Vikipoa avikunje kwa vidole, huku amefumba macho. Sijaona mtu aliyevitofautisha.

Mimi huchovya kila mara. Maji ya ghafla hubambua sehemu ya weusi, na uliobaki hutoka kwa maji ya limau yaliyopashwa moto. Bomba tu ndilo la kuhadhari: lishike kwa koleo refu na uelekeze ncha ya juu mbali na uso, maana mvuke hupanda ndani yake na kutema maji yanayochemka.

Wapo pia wanaodhani inavyozidi kuwaka ndivyo inavyozidi kulainika. Nyuzi 450 hadi 600 zinatosha, na brasi nyingi huyeyuka zikikaribia 900. Wekundu unaotakiwa ni hafifu mno, hauonekani kwenye jua la saa sita, ingia kivulini. Ukipitiliza, chembe hukua na upande wa nje wa kunjo huparuza kama ganda la chungwa. Ukiona moshi mweupe, zinki inaungua: zima tochi, toka nje, kwani moshi huo huleta homa.

Kuikunja ingali nyekundu, kama wafanyavyo wahunzi? Hapana. Bamba jembamba hupoa mara tu plaizi inapoligusa, na brasi nyingine huchanika zikiwa moto. Pasha, poza, ndipo ukunje. Tena kupasha mara moja hakutoshi kwa umbo lenye makunjo mengi. Ikianza kurudi kama springi, irudishe motoni.

Na fito za kukereza kwenye mashine usizikunje kabisa. Zina madini ya risasi ili zikatike vizuri, na zikikunjwa baridi hupasuka hata baada ya kupashwa. Vishikio vya kando ya boila vitengeneze kwa waya wa brasi.