Maigizo Bubu Si Kunyamaza Tu

Maigizo bubu ni sanaa ya kusimulia kisa kwa mwili pasipo maneno, na wengi tunaikumbuka maana hiyo tangu vipindi vya fasihi simulizi shuleni. Shida huanza pale watu wanaposhika neno "bubu" na kulisahau neno "maigizo", kiasi kwamba kila kisicho na sauti hupewa jina hilo: kijana anayechezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa, mchezo wa kubahatisha jina la filamu, na, jambo linaloniudhi zaidi, mkalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari.

Lugha ya alama ina msamiati na sarufi yake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa lugha hiyo mtu anaweza kueleza kwamba deni la mwaka juzi litalipwa mwezi ujao iwapo bei ya mahindi itapanda. Mwigizaji bubu hana njia ya kusema hayo, wala hayahitaji, kwa kuwa kazi yake ni kutenda jambo mbele ya macho yetu na si kulitaja. Kumwita mkalimani mwigizaji ni kumwambia kiziwi kwamba hana lugha.

Hata ukimya wenyewe haukuwa kiini cha sanaa hii tangu awali. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na maigizo yaliyoitangulia sanaa hii, nayo yalijaa mazungumzo, na huko Paris, mwigizaji Jean-Gaspard Deburau alipokuwa akimcheza Pierrot, mhusika wa vichekesho mwenye uso mweupe, katika ukumbi wa Funambules miaka ya 1820, hakunyamaza kwa kupenda tu: kanuni za serikali zilizuia kumbi ndogo kuonyesha tamthilia za maneno, ili zisishindane na kumbi kubwa. Karne moja baadaye mwigizaji Mfaransa Étienne Decroux alifunzwa katika shule ya maigizo ya Vieux-Colombier huko huko Paris, ambako wanafunzi walifanya mazoezi nyuso zikiwa zimefunikwa, na kutokana na mazoezi hayo akajenga mbinu inayotanguliza kiwiliwili, huku uso na mikono vikifuata nyuma. Marcel Marceau, mwanafunzi wake aliyepata umaarufu kuliko wote, alirudisha uso uliopakwa rangi nyeupe, na uso huo ndio watu wanaoukumbuka.

Tazama ukuta usioonekana unavyojengwa. Kiganja kinatua hewani na vidole vinakazwa ghafla. Kisha mwili unasogea kushoto, kiwiko kinakunjuka, lakini kiganja kinabaki palepale. Kikiteleza hata kidogo pamoja na bega, ukuta umeanguka, na hakuna sura ya mshangao itakayousimamisha tena.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeandaa wanafunzi kwa tamasha, mtoto anayefumbua midomo kana kwamba anasema "karibu" bado anaongea, ila sauti yake imezimwa. Mwache amfungulie mgeni mlango, na akirudi kuufunga, mkono wake ukikute kitasa mahali pale pale alipokiacha.