Kazi ndogo sio lazima iwe ya kujifanyia mwenyewe

Wengi wanaamini kazi ndogo ya nyumbani unafanya mwenyewe, kubwa ndo unaita fundi. Hapana jamani, ukubwa hausemi kitu, cha kujiuliza ni ukikosea kitaharibika nini na utajua saa ngapi. Kupaka rangi nyumba nzima kunachosha, mgongo utakuuma, ila ukikosea unaona hapohapo, unapiga msasa unarudia.

Sasa chukua sakiti breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inayojizima kila mara. Kuibadilisha ni skrubu chache tu, mtu anatoa ya ampia 20 anaweka ya 32, inayoruhusu umeme mwingi zaidi, na kweli haizimi tena, anajisifu fundi wa nini! Kumbe waya wa milimita 2.5 za mraba uliomo ukutani ni uleule, na breka ilikuwa inaulinda huo waya, wala sio friji yako, kwa hiyo waya ukizidiwa mzigo wa umeme unachemka humo ndani mpaka plastiki yake inalainika na wewe huoni kitu. Hapo ita fundi umeme atafute kinachofanya izime.

Koki inadondosha? Funga maji kwanza, badilisha kampira ka ndani mwenyewe, ukikosea itaendelea tu kudondosha.