Mafuta ya sufuria na mafuta ya damu

"Usinywe maji baridi, mafuta yatakuganda kifuani." Nimelisikia hili tangu utotoni, na juzi nililisikia tena Tanga, sinia la pilau likiwa katikati yetu. Shangazi alimpokonya mtoto glasi ya maji ya friji, akampa kikombe cha maji ya moto yenye ndimu. Ushahidi anao jikoni: sufuria iliyolala bila kuoshwa, ukingoni imeganda mafuta meupe ya ng'ombe. Ukimimina maji ya moto, yanayeyuka. Nani abishe?

Ila tumbo si sufuria. Mwili una joto la nyuzi 37 hivi, na maji baridi yakifika tumboni hupashwa upesi. Isitoshe, mafuta tuliyokula hayatelezi tu kutoka tumboni hadi kwenye mshipa. Nyongo huyavunja matone madogo madogo, utumbo huyafyonza, kisha hufungwa ndani ya vifurushi vyenye protini ndipo yasafiri. Ndimu haina pa kuyakatia. Maji ya moto baada ya pilau ni starehe nzuri, lakini hayashushi kolesteroli ya mtu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu. (Nadhani hata jina letu la kolesteroli, lehemu, linatupotosha, maana ndilo neno la fundi bati anayeziba tundu.)

Karibu dhana zote nyingine zimetoka kwenye sufuria hiyo hiyo.

"Mimi mwembamba, sili mafuta, hilo ni gonjwa la matajiri." Kolesteroli nyingi mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiongoza, na tunaihitaji kwa kuta za seli, homoni na nyongo. Hatari inakuja pale LDL, vifurushi vinavyoisambaza, vinapozagaa kwenye damu na kujipenyeza kwenye kuta za ateri. Ini lina vipokezi vya kuvinasa. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, waliovigundua, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kuna waliorithi kasoro kwenye vipokezi hivyo au kwenye jeni zinazohusiana navyo, takriban mtu 1 kati ya 300. Huyo anaweza kuwa mwembamba kama ufito, anakula mchicha kila siku, na LDL yake iko juu tangu azaliwe.

Wapo pia wenye bahati ya kinyume chake. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas walieleza habari za Wamarekani weusi waliorithi hitilafu kwenye jeni iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kupunguza vipokezi vya ini. Ikilegea, vipokezi vinabaki vingi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Anayesema kolesteroli ni uzushi wa wauza dawa ana kazi ya kutueleza hao, maana hawakumeza kidonge chochote.

"Chupa imeandikwa haina kolesteroli." Ni kweli, na hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana. Nazi haina, mawese hayana, lakini yote mawili yana mafuta mazito kwa wingi, nayo hupunguza vipokezi vya ini, LDL ikabaki njiani. Yai linaonewa kidogo. Kwenye chipsi mayai, mimi ningeanza kuuliza mafuta yale yamechemka mara ngapi tangu asubuhi.

"Wali, chai na soda havina mafuta." Hapa ndipo ninapoona tunaumia zaidi. Sukari na wanga vikizidi, ini huvigeuza kuwa mafuta: mengine hubaki ndani yake, mengine huyamwaga kwenye damu kama trigliseridi. Kitambi kinatangulia, HDL (vifurushi vinavyorudisha kolesteroli kwenye ini) inashuka, sukari inapanda. Madaktari huangalia mambo matano: kiuno kipana, presha kuanzia 130/85, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 5.6 (vipimo vya damu hapa ni kwa mmol/L), trigliseridi kuanzia 1.7, na HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na matatu, hatari ya kisukari na ya moyo imeshapanda, hata kama LDL kwenye karatasi inaonekana ya wastani.

"Ningejisikia." Hapana. Wengi hawasikii chochote mpaka siku ya kiharusi au shambulio la moyo. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Dhana ya mwisho ni ya shangazi mwenyewe. Karatasi yake, iliyokunjwa kwenye kabati la vyombo, inasoma LDL 4.3, iko juu. Alipewa statini, dawa inayozuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, nalo likaongeza vipokezi ili kuitafuta kwenye damu. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliotoka mwaka 1994, wenye wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 30. Alimeza siku 30, akaacha. "Dozi si imeisha, mwanangu?" Haikuwa dozi ya malaria. Ukiacha, ini linarudia mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache. Ukiumwa misuli, mwambie daktari abadilishe. Usiache kimya kimya.

Sasa ameanza tena. Kila usiku anameza kidonge chake, kwa maji ya moto yenye ndimu.