Eti "mpeleke Moshi akachangamke"

Kila Desemba kliniki ni wimbo uleule: "Dokta, Krismasi tunaenda naye Moshi, akikaa na ndugu akala nyama atasahau hayo mawazo." Jamani mnanichosha. Sonona, huo ugonjwa mnaouita mawazo, haiponi kwa ndafu. Mwenye sonona kule kufurahi kwenyewe ndo kumegoma, chakula hakina ladha, akiona wenzake wanacheka anajiona yeye ndo mkosi wa ukoo. Saa tisa usiku yuko macho, asubuhi anaburutwa misa ya kwanza, akirudi shangazi kasimama mlangoni, "mbona umekonda hivyo, mchumba yuko wapi, kazi je?", halafu kwenye picha ya familia atabasamu. Akitabasamu mnasema kapona. Kajikaza tu huyo, Januari mnaniletea mtu hoi kuliko alivyoondoka.

Sijasema asiende. Muulizeni yeye kwanza, akikataa basi, abaki na mtu anayemwamini. Akienda awe na chumba cha kujipumzisha, mmoja wenu kazi yake iwe kumkinga na hao mashangazi, na mpeni kikazi kidogo, mfano kumenya ndizi za mtori, hii mi naipenda sana maana mikono ina shughuli, yuko na watu na hakuna anayemlazimisha kupiga stori.

"Dawa apumzike kidogo ili anywe mbege na wenzake." Hapana!! Dawa hizi zinachukua wiki kadhaa mpaka zishike, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi unapaa, na ugonjwa wenyewe unarudi. Cha kuacha ni pombe, na kama anameza amitriptilini, moja ya dawa hizi za sonona, ndo kabisa, vikikutana vinaweza kumlewesha usingizi hadi kupumua kuwe shida. Chukueni dozi ya kutosha kabla ya safari, msinipigie tarehe 24 mko Rombo vidonge vimeisha.

"Imani yake ndogo." Nimetibu mpaka watumishi wa Mungu. Aombewe na dawa ameze, havigombani.

"Ukimuuliza kama anawaza kujiua utamtia hilo wazo." Si kweli, wengi wakiulizwa ndo wanashusha pumzi. Uliza wazi bila kuzunguka. Akisema ndiyo asiachwe peke yake hata dakika, dawa zote na ile sumu ya kunyunyizia kahawa iliyoko stoo vitolewe hapo nyumbani, na hospitali mwende siku hiyohiyo hata kama ni Krismasi yenyewe, dharura haifungwi.