Statini na bakteria wanaopenya utumbo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Statini (dawa za kushusha lehemu) zikishusha lehemu, ukuta wa utumbo hudhoofika na bakteria hupita.

Lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, inayopimwa kwenye damu si ile iliyojengeka ndani ya utando wa seli. Statini kama simvastatini, atorvastatini na wenzao huzuia kimeng'enya kinachodhibiti kasi ya utengenezaji wa lehemu, hasa kwenye ini. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi na kuivuta lehemu kutoka kwenye damu, ndipo kipimo kinaposhuka. Utando haubaki mtupu.

La kuangaliwa liko kwingine. Njia hiyohiyo ya kutengeneza lehemu huzalisha vimkia vya mafuta ambavyo protini za Rho na Rac huhitaji ili zijishikize kwenye utando. Protini hizo huendesha nyuzi za aktini, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo na mwendo, na bakteria Salmonella huziteka nyuzi hizo ili seli immeze. Vimkia vikikosekana, mlango huo haufunguki vizuri. Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, naye ameonekana maabara akishindwa kuingia kwa wingi kwenye seli zilizotiwa simvastatini. Tatizo ni kwamba Rho husaidia pia kubana viungio kati ya seli na seli, kwa hiyo dozi iliyopita kiasi inaweza kulegeza kilekile tunachotaka kikaze.

Dhana: Statini ni antibiotiki.

Kwenye sahani ya maabara, simvastatini huzuia Staphylococcus ikifika makumi ya mikrogramu kwa mililita. Damu ya aliyemeza kidonge cha miligramu 40 huwa na nanogramu tu kwa mililita, pungufu kwa takriban mara elfu moja. Ndani ya utumbo, kidonge kinapoyeyuka, kiasi huwa kikubwa kuliko kwenye damu, na ndiyo maana swali hili lina uzito zaidi kwa utumbo. Kuongeza dozi si jibu: tangu 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani imebana matumizi ya miligramu 80 kwa sababu ya madhara ya misuli.

Dhana: Bakteria wakionekana upande wa pili, wamepenya ukuta.

Si lazima. Katika jaribio la maabara, seli za Caco-2 (seli za utumbo wa binadamu) hukuzwa kama siku 21 juu ya kichujio mpaka zifunge tabaka. Matundu ya kichujio ya mikromita 0.4 hayafai, kwani bakteria wengi hawapiti hata pasipo seli. Tumia mikromita 3. Pima ukinzani wa umeme, unaoonyesha kama tabaka limefunga, toa ukinzani wa kichujio kitupu, kisha zidisha kwa eneo lake. Ondoa penisilini na streptomaisini kwenye kimiminika mapema, la sivyo utasifu statini kwa kazi ya antibiotiki. Chukua sampuli baada ya saa chache, kwa maana bakteria mmoja aliyevuka huzaana na kesho yake utahesabu maelfu. Mwisho, rudisha mevalonati, kitu ambacho kimeng'enya kilichozuiwa hutengeneza: athari isipofutika, haikutokana na kimeng'enya hicho.

Dhana: Kilichofaa maabara kitamponya mgonjwa mahututi.

Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa wenye kushindwa kupumua ghafla, moja la rosuvastatini Marekani (watu 745) na jingine la simvastatini Ireland na Uingereza (watu 540), hayakupunguza vifo.

Dhana: Ukiugua maambukizi, acha statini mwenyewe.

Usiache kwa hofu ya bakteria. Hatari halisi ni mchanganyiko wa dawa. Antibiotiki klarithromaisini na erithromaisini huzuia ini kuivunja simvastatini, ikajaa mwilini na kuharibu misuli. Kwa siku za dozi ya antibiotiki hiyo daktari huisimamisha simvastatini au huchagua antibiotiki nyingine, azithromaisini. Kwa anayetumia ARV zenye ritonaviri au atazanaviri, simvastatini haitumiki kabisa. ARV ya dolutegraviri haina tatizo hilo. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe CK (kimeng'enya cha misuli kinachopanda damuni misuli ikiharibika) na figo.